Moyo wa Mzee na Fedha ya Msimu

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika vyama vingi vya wakulima wa kahawa, majina yaliyo mwanzoni mwa rejista ya wanachama ni ya wazee. Mzee wa namna hiyo alijiunga zamani. Alishuhudia vyama vikuu vikivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na hadi leo ndiye ajuaye mipaka ya mashamba, asili ya kiwanja cha ghala, na sababu ya azimio lililopitishwa kabla katibu wa sasa hajazaliwa. Mzee huyo akianguka ghafla, watu husema kwamba siku zake zilikuwa zimetimia. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingine siku hazikuwa zimetimia hata kidogo, ila dawa yake ilikwisha mwezi Machi, na fedha ya kahawa haikutarajiwa mpaka Agosti.

Hilo ndilo shabaha ya mazungumzo haya. Maradhi ya moyo katika uzee hutaka uangalizi wa kila siku, hali mkulima hupata fedha kwa msimu. Pengo lililo kati ya mambo hayo mawili hugharimu maisha ya watu, na chama cha ushirika kinao uwezo wa kulipunguza.

KAZI YA MOYO

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika. Hesabu hiyo ikifanywa, inapata mapigo 100,000 na zaidi kwa siku moja, na kwa mtu aliyefika miaka 70 ni zaidi ya bilioni 2.5 tangu azaliwe. Hakuna mashine ya kumenyea kahawa iliyopata kufanya kazi kwa muda kama huo bila kuzimwa kwa matengenezo.

Kadiri umri unavyosonga, kuta za mishipa mikubwa ya damu hukakamaa. Katika ujana mishipa hiyo hutanuka na kunywea kwa wepesi kila moyo unaposukuma damu. Katika uzee hutanuka kwa shida. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na damu hugonga kuta za mishipa kwa kishindo kikubwa zaidi. Hali hiyo ndiyo shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha. Likiachwa kwa miaka mingi, msuli wa moyo hunenepa, kisha huchoka na kushindwa kazi. Mishipa ya ubongo huziba au kupasuka, na hicho ndicho kiharusi. Figo na macho navyo hudhurika.

Kipimo chake huandikwa kwa tarakimu mbili. Ya juu huonyesha nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma, na ya chini huonyesha nguvu hiyo moyo unapotua. Vipimo vilivyorudiwa katika siku tofauti vikifika 140 kwa 90 au kuzidi, mtu huhesabiwa kuwa ana shinikizo la juu. Kwa wazee, mara nyingi tarakimu ya juu ndiyo hupanda peke yake, nayo isidharauliwe kwa sababu ya chini iko sawa.

UGONJWA USIO NA MAUMIVU

Kila katibu anajua kwamba mkaguzi wa hesabu hangoji fedha ziibiwe ndipo afike chamani. Hufika kila mwaka, hata chama kikiwa na sifa njema, kwa kuwa upungufu mwingi huanza kimya kimya, katika kurasa ambazo kwa macho tu huonekana safi. Shinikizo la damu lina tabia hiyo hiyo. Halina homa, halina kikohozi, na kwa wengi halina hata maumivu ya kichwa. Mzee anaweza kuwa nalo miaka kumi, akapalilia shamba lake na kutembea hadi mnadani, asijue lolote.

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na zaidi walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Karibu 70 katika kila 100 walikutwa na shinikizo la juu. Wengi wao hawakuwa na habari, na wale ambao matibabu yalikuwa yameliteremsha hadi kiwango kinachotakiwa walikuwa wachache mno. Yafaa kukumbuka kwamba hao si watu wa mijini wanaoshinda vitini. Ni watu wa vijijini, wenzi wa jembe na panga. Kwa hiyo ile kauli kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri haina msingi.

Iko kauli nyingine, nayo ina madhara zaidi: kwamba presha kwa mzee ni jambo la kawaida, kama mvi, na kwamba kumtibu mtu wa miaka 80 ni kupoteza dawa. Zamani hata waganga wakubwa hawakuwa na la kufanya. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili, 1945, akiwa na umri wa miaka 63, kwa damu kuvuja katika ubongo. Siku hiyo shinikizo lake lilipimwa likawa 300 kwa 190. Madaktari wake walikuwa wamejua habari za presha yake kabla ya siku hiyo, lakini dawa madhubuti ya kuiteremsha haikuwapo.

Dawa za vidonge zilizo rahisi kutumiwa zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye uchunguzi mkubwa ulifanywa kwa wagonjwa 3,845 wa miaka 80 na zaidi katika nchi mbalimbali, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Waliopewa dawa ya kuteremsha shinikizo walikufa wachache kuliko wenzao kwa kiasi cha mmoja katika kila watano, na moyo kushindwa kazi kukapungua kwa zaidi ya nusu. Basi umri si sababu ya kumwacha mzee bila kumpima wala bila kumtibu.

DAWA YA KILA SIKU

Hapa ndipo penye shida ya mkulima. Kidonge kimoja kwa siku ni vidonge 30 kwa mwezi na 365 kwa mwaka. Dawa hizo haziponyi kama dawa ya malaria, ambayo mgonjwa humaliza dozi akasahau. Hufanya kazi muda wote zinapotumiwa, na zikiachwa shinikizo hupanda tena. Mzee akijisikia vizuri, hiyo ni dalili kwamba dawa inamfaa, na si ruhusa ya kuiacha.

Lakini fedha ya mkulima haiji kila mwezi. Huja kwa malipo ya awali baada ya kupeleka kahawa ghalani, na pengine kwa malipo ya pili baada ya mauzo. Malipo yanapotoka, madeni ya duka, karo na michango ya harusi husimama mlangoni kwa pamoja. Ifikapo masika, nyumba haina kitu, na mzee huanza kuihesabu dawa yake. Kwanza humeza siku moja na kuacha siku moja. Kisha humgawia jirani aliyeambiwa ana presha kama yake. Mwisho huacha kabisa, akiahidi kurudi kliniki kahawa ikiiva. Hawezi kuitwa mzembe, kwa kuwa anafanya hesabu ile ile afanyayo kwa mbolea na dawa ya mibuni. Tofauti ni kwamba mbuni uliokosa mbolea huzaa kidogo mwaka huo na kupata nafuu mwaka ufuatao, na mkono uliopooza mara nyingi haurudii nguvu zake zote.

Utaratibu wa msamaha wa gharama kwa wazee wasio na uwezo upo, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee. Hata hivyo, mzee wa kijijini pengine hana kitambulisho kinachotakiwa, au dawa haipo dirishani siku hiyo akaelekezwa duka la dawa. Msamaha usiotumika ni sawa na ruzuku iliyobaki katika makaratasi.

CHUMVI, MAGADI NA MAMBO YA NYUMBANI

Dawa peke yake haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Makatibu ni watu wa hesabu, basi na wapige hesabu hii. Kaya ya watu wazima 6 inastahili gramu 30 kwa siku, ambazo ni gramu 900 kwa mwezi. Kaya hiyo ikimaliza kilo moja na nusu, imezidisha zaidi ya nusu ya kiasi chake, kabla hata ya kuhesabu chumvi iliyomo katika mkate, samaki wakavu na vikolezo vya mchuzi.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni magadi. Katika nyumba nyingi magadi hutiwa katika makande na maharage ili yaive upesi. Magadi si chumvi ya mezani, lakini ndani yake imo sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa asubuhi, huiva upesi bila magadi, na huokoa kuni pia. Mama wa nyumbani akifahamishwa sababu, hatashindwa kulitenda hilo. Asiyeelezwa sababu ataona kwamba mzee anaonewa kwa kunyimwa chakula chenye ladha.

Tumbaku hudhuru mishipa kwa namna yoyote itumiwavyo. Wako wazee walioacha sigara wakahamia ugoro, wakidhani wamesalimika. Nao ugoro una nikotini iendayo mbio katika damu na kupandisha shinikizo. Pombe nyingi hupandisha shinikizo na kuharibu msuli wa moyo, ingawa imenywewa katika kata ya asili. Ama kuhusu kahawa yenyewe, ambayo wanachama huiulizia, vikombe vichache kwa siku havijaonekana kumdhuru mtu mzima kwa kawaida. Ila isinywewe katika nusu saa kabla ya kupimwa.

Kutembea kunafaa. Wazee wanaojiweza wanashauriwa kufikisha dakika 150 kwa juma za mwendo wa kuchangamka kiasi, yaani nusu saa kwa siku 5. Mzee aliyekabidhi shamba kwa wanawe asikae barazani tangu asubuhi hadi jioni. Naye anayelima bado asijilazimishe kubeba gunia ili aonekane kijana. Kazi nzito ya ghafla si sawa na mwendo wa kila siku.

Pana hatari nyingine iliyojificha katika mfuko wa shati. Wazee wengi wana maumivu ya magoti na kiuno, na hununua dukani vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Vidonge hivyo vikitumiwa mfululizo hufanya mwili uzuie maji na chumvi, hupandisha shinikizo, na huweza kuharibu figo. Mzee aendapo kliniki ya presha achukue vidonge vyote anavyotumia, vya dukani na vya miti shamba, avionyeshe.

DALILI ZA HATARI

Mambo matatu hayangoji asubuhi. La kwanza ni maumivu au uzito wa kubana kifuani, hasa ukienda mkononi, shingoni au tayani, pamoja na jasho jembamba. Kwa wazee, na hasa wanawake na wenye kisukari, shambulio la moyo huweza kuja bila maumivu hayo, likaonekana kwa kuhema, kuishiwa nguvu au kuchanganyikiwa kwa ghafla. La pili ni uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, au maneno kutoka yamevurugika. Hicho ni kiharusi, na kila saa inayopita sehemu ya ubongo hufa. Mgonjwa wa namna hiyo asipewe chakula wala kinywaji, kwa maana huweza kumpalia. Afikishwe hospitali kwanza. Shauri la kwamba ametupiwa kitu na watu wabaya liwekwe kando. La tatu ni mzee kushindwa kulala chali kwa sababu ya kukosa pumzi, au kuamka usiku akitweta.

Dalili hiyo ya tatu mara nyingi hutanguliwa na miguu kuvimba na uzito kuongezeka kwa siku chache, kwa kuwa moyo uliochoka huacha maji yajikusanye mwilini. Familia ikiiona miguu hiyo mapema na kumpeleka mzee kituo cha afya, huenda usiku wa kutweta usifike.

WAJIBU WA CHAMA

Huenda mjumbe akauliza: haya yanahusu zahanati, chama kinaingiaje? Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika lilipotoa tamko lake la kanuni mwaka 1995, kanuni ya saba ilikuwa ni kuijali jamii. Lakini hata bila tamko hilo, jibu limo katika utaratibu wa chama wenyewe. Chama ndicho kinachojua lini mwanachama atalipwa na kiasi gani, nacho hukutanisha wazee wa vijiji kadhaa mahali pamoja bila kuwaita kwa baragumu. Kwa hiyo mambo manne yanawezekana.

Kwanza, kamati ya chama ipatane na mganga wa zahanati ili kipimo cha presha kiletwe siku ya mkutano mkuu na siku chache za kupokea kahawa. Aliyepanda mlima na gunia asipimwe papo hapo. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, asizungumze. Apimwe mara mbili. Mzee apimwe pia akiwa amesimama, kwa kuwa wengine shinikizo lao hushuka wanaposimama wakaanguka. Majibu yaandikwe katika kadi ya mwenyewe na si katika daftari la chama. Afya ya mwanachama si ajenda ya kamati, wala isiwe sababu ya kumnyima mtu mkopo au uongozi.

Pili, mkutano mkuu ufikirie akiba ya dawa. Mwanachama anayetaka, kwa kibali chake cha maandishi, akatwe kiasi alichokisema mwenyewe fedha ya kahawa inapotoka, kisha alipwe kidogo kidogo kila mwezi hadi msimu ufuatao. Fedha hiyo si mtaji wa chama. Iwe na akaunti yake na leja yake, kila mwanachama awe na kitabu chake, wala isikopwe kununulia magunia hata kwa siku moja. Akiba iliyochanganywa na fedha za mazao ikipotea, watakaoumia ni wagonjwa, na imani ya wanachama haitarudi upesi. Chama kisicho na uwezo wa kutunza leja hiyo vizuri kisianzishe akiba hiyo.

Tatu, katibu afuatilie haki zilizokwisha kutolewa. Awasaidie wazee kupata vitambulisho vyao katika ofisi ya kijiji, na aulize wilayani utaratibu wa bima unaowahusu wanachama wake, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Barua moja ya katibu yenye majina 40 husikilizwa kuliko wazee 40 waliokwenda mmoja mmoja.

Nne, ubaoni ghalani yabandikwe majina na namba za simu za wenye magari waliokubali kuchukua wagonjwa usiku, pamoja na nauli iliyokwisha kupatanwa. Mabishano juu ya nauli mgonjwa akiwa kitandani yamepoteza saa nyingi zenye thamani.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji wafadhili. Yanahitaji kipengele kimoja katika ajenda ya mkutano ujao, saa moja ya majadiliano, na katibu atakayeandika azimio kwa maneno yanayoeleweka. Vyama vilivyo karibu na mavuno vinashauriwa kuamua kabla malipo ya awali hayajatoka, kwa sababu baada ya hapo fedha huwa imekwisha pata wenyewe. Na kila mjumbe atakaporudi nyumbani leo, amwulize mzee wa nyumba hiyo maswali mawili: alipimwa lini mara ya mwisho, na vidonge vyake vimebaki vingapi.